Saa nane kati ya ndege mbili: namna ya kutoka uwanjani, kuona mji na kurudi kwa wakati

Tiketi ikionyesha kwamba utasubiri saa nane kabla ya ndege ya kuunganisha, usidhani una saa nane. Mara nyingi una mbili au tatu, na kwenye viwanja vingine huna hata moja. Kupanga vizuri ni kuijua idadi hiyo mapema, kabla hujafunga begi, kisha kuamua kama utatoka au utabaki ndani. Saa zote humu zimeandikwa kama zinavyosomeka kwenye tiketi: 09:10 ni saa tatu na dakika kumi asubuhi, kwa saa za mji ambao ndege inatua au kuondokea.

1. Kabla ya kulipia tiketi

Hakikisha safari yote iko chini ya namba moja ya uhifadhi, ile yenye herufi na tarakimu sita. Ikiwa ni moja, ndege ya kwanza ikichelewa ni wajibu wa shirika kukutafutia nyingine. Ukiwa umeunganisha tiketi mbili mwenyewe kwa sababu ya bei, ndege ya pili itaondoka bila wewe na hakuna atakayeulizwa. Isitoshe, mara nyingi utalazimika kutoka hadi kwenye mkanda wa mizigo, kuchukua begi na kulikabidhi upya, jambo ambalo haliwezekani bila kupita uhamiaji. Kwa hiyo hata asiye na nia ya kutembea mjini anaweza kuhitaji viza. Watu wengi hulijua hili kwenye kaunta siku ya safari, pale wanapozuiwa kupanda.

Kisha soma alama za viwanja, zile herufi tatu. Tokyo ina HND na NRT, London ina LHR na LGW, Paris ina CDG na ORY, na Istanbul ina IST upande wa Ulaya na SAW upande wa Asia. Ukitua kwenye kimoja na kuondokea kingine, muda wa kusubiri utaishia barabarani, na mzigo utausafirisha wewe.

Kwa safari za kimataifa, kusubiri zaidi ya saa 24 kwa kawaida huhesabiwa kuwa ni kituo cha safari, si kuunganisha. Nauli inaweza kubadilika, na begi huenda lisipelekwe moja kwa moja hadi mwisho. Kama unautaka muda huo mrefu, utafute kwa njia ya safari ya miji mingi kwenye ukurasa wa shirika, kwa sababu baadhi ya mashirika huuruhusu bila nyongeza.

Jambo la mwisho hapa: usinogewe na mji ukaamua kuiacha ndege ya pili. Ukikosa kipande kimoja cha tiketi, vilivyobaki hufutwa vyote, pamoja na cha kurudi.

2. Je, unaruhusiwa kutoka?

Swali hili hujibiwa na pasipoti yako, si na shirika la ndege wala na rafiki aliyepita hapo mwaka jana akiwa na pasipoti ya nchi nyingine. Wafanyakazi wa kaunta huangalia masharti kwenye hifadhidata ya Timatic ya IATA, jumuiya ya kimataifa ya mashirika ya ndege. Piga simu kwenye shirika lako uombe wakusomee inavyosema kwa uraia wako, kisha thibitisha kwenye tovuti ya ubalozi au ya uhamiaji ya nchi hiyo.

Mambo yanayowaumiza abiria zaidi ni haya:

Marekani haina eneo la transiti la kimataifa, yaani sehemu ya kusubiria ndege bila kupita uhamiaji. Kila abiria hupita uhamiaji, na kwa kawaida huchukua begi lake na kulikabidhi tena, hata kama anaelekea nchi nyingine kabisa. Bila viza, au ESTA (kibali cha mtandaoni kwa raia wa nchi zisizohitaji viza), hupandi ndege ya kwenda huko.

Katika eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa pasipoti kati yao, mpaka unavukwa kwenye uwanja wa kwanza. Ukitua Frankfurt halafu ukaendelea Lisbon, uhamiaji unapita Frankfurt, na foleni hiyo inakula muda wako. Tangu Oktoba 2025 mipaka hiyo ilianza kuchukua alama za vidole na picha ya uso za wageni wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya, na anayesajiliwa mara ya kwanza hukaa zaidi kwenye dirisha. Pia usichanganye viza mbili: ile ya transiti ya uwanja wa ndege inakuruhusu kukaa ndani ya uwanja tu. Kutoka mlangoni kunahitaji viza ya kawaida ya muda mfupi.

Viza ya kuingia mara moja huisha ukiitumia. Anayekwenda Kanada kupitia Amsterdam, akaitumia viza yake ya Schengen kuzunguka mji wakati wa kwenda, atabaki ndani ya uwanja wakati wa kurudi.

China huwaruhusu raia wa nchi nyingi kupita ndani ya saa 24 bila viza, ila sharti wawe na tiketi iliyothibitishwa ya kwenda nchi ya tatu. Kuja na kurudi nchi ileile hakuhesabiwi kuwa ni kupita. Singapore, kwa upande wake, hudai kadi ya kuwasili ijazwe mtandaoni ndani ya siku tatu kabla ya kufika. Ni bure, na tovuti yoyote inayokutoza fedha kwa kadi hiyo iache.

Halafu kuna homa ya manjano, ambayo ni wachache wanaoikumbuka. Nchi nyingi hudai cheti cha chanjo kwa abiria aliyekaa zaidi ya saa 12 kwenye uwanja wa nchi yenye hatari ya ugonjwa huo. Kituo kirefu kinaweza kukuletea dai hili mwisho wa safari, si pale ulipotembea. Cheti huanza kufanya kazi siku 10 baada ya chanjo, na tangu 2016 kinatambuliwa kwa maisha yote ya mwenye nacho.

3. Mzigo

Kwenye kaunta ya kwanza, kabla hujaondoka, soma stika iliyofungwa kwenye begi. Herufi tatu kubwa zaidi lazima ziwe za uwanja wa mwisho wa safari yako. Ukiona za mji wa katikati, muulize mhudumu hapohapo. Begi likishaondoka na mkanda, hakuna wa kulirekebisha kwa urahisi. Kijistika kidogo chenye namba ya tarakimu 10, ambacho hubandikwa nyuma ya pasi ya kupandia, kipige picha. Hicho ndicho kitakachotumika kulitafuta begi likipotea.

Omba pia pasi ya ndege ya pili itolewe hapo hapo. Ukiwa nayo mkononi, wakati wa kurudi kutoka mjini utaipita kaunta na kwenda moja kwa moja kwenye ukaguzi.

Begi la mkononi ndilo litakalokuharibia siku. Kuzunguka mji na kilo nane mgongoni kunachosha, kwa hiyo tafuta mapema kama uwanja una ofisi ya kuhifadhi mizigo, iko jengo gani, na inafungwa saa ngapi. Ofisi inayofungwa 22:00 haimfai mtu wa ndege ya usiku wa manane. Usiache huko pasipoti, dawa, kompyuta wala fedha.

Begi kubwa likishatangulia, kila utakachonunua mjini kitapita ukaguzi wa usalama pamoja nawe. Asali, mchuzi wa chupa, manukato makubwa na visu vya jikoni huishia kwenye pipa la ukaguzi. Kwenye viwanja vingi bado kanuni ni chupa zisizozidi mililita 100, zote ndani ya mfuko mmoja wa lita moja. Pombe au manukato uliyonunua kwenye duka la uwanja wa kwanza na kufungiwa kwenye mfuko maalumu uliozibwa, usiufungue, na risiti iachwe ndani. Hata hivyo viwanja vingine hukataa, kwa hiyo vitu hivyo vinunuliwe kwenye uwanja wa mwisho. Chaja ya akiba hukaa kwenye begi la mkononi daima, na isizidi wati-saa 100. Yenye mAh 20,000 ina takribani 74, hivyo inapita.

4. Hesabu ya saa

Chukua kalamu. Tuseme ndege inatua 09:10 na inayofuata inaondoka 17:30. Ni saa 8 na dakika 20.

Anza kutoa. Ndege ikigusa ardhi bado inatembea hadi egeshoni, mlango unafunguliwa, na walioketi mbele wanatangulia: hesabu dakika 25. Kutembea hadi uhamiaji, foleni, na kufika mlango wa nje: dakika 60 kwenye uwanja mkubwa, na asubuhi ambapo ndege nyingi za masafa marefu hutua pamoja inaweza kuwa zaidi. Sasa ni 10:35 na bado hujaona mtaa hata mmoja.

Rukia upande wa pili. Ndege inaondoka 17:30, lakini lango kwa kawaida hufungwa dakika 15 hadi 20 kabla, na kupanda huanza takribani saa moja kabla. Kabla ya hapo kuna ukaguzi wa pasipoti, ukaguzi wa usalama na matembezi hadi langoni. Uwe mlangoni pa uwanja 14:45. Hii ni saa 2 na dakika 45 kabla ya ndege, na si woga: kwenye baadhi ya viwanja ukaguzi wa kutoka ni mrefu kuliko wa kuingia.

Kilichobaki ni kati ya 10:35 na 14:45, yaani saa 4 na dakika 10. Ndani yake toa muda wa usafiri, kwenda na kurudi. Hapa ndipo viwanja vinapotofautiana.

Zurich: kituo cha treni kiko chini ya uwanja, na safari ya hadi kituo kikuu cha mji ni kama dakika 12. Pamoja na kusubiri treni, unakuwa mjini 11:05 na unaondoka 14:15. Una saa 3 na dakika 10 za kutembea kandokando ya mto na kula ukiwa umeketi.

Istanbul, uwanja wa IST: uko mbali na mji mkongwe, na kufika Sultanahmet kwa metro ya M11 kisha kubadilisha kunachukua saa moja na nusu au karibu na hapo. Unafika 12:05 na lazima uondoke 13:15. Saa 1 na dakika 10, kwa saa tatu za kusafiri. Haifai.

Ndege ni zilezile na saa ni zilezile. Tofauti ni reli tu. Kwa hiyo kabla ya kuangalia vivutio, angalia umbali. Copenhagen, Amsterdam na Frankfurt ziko karibu na miji yake kwa treni, robo saa hivi. Doha ina metro inayoanzia uwanjani. Narita (NRT) iko zaidi ya kilomita 60 kutoka katikati ya Tokyo, Malpensa iko karibu kilomita 50 kutoka Milan, na Incheon hadi kituo kikuu cha Seoul ni dakika 43 au zaidi kwa treni ya haraka isiyosimama njiani.

Kwa maoni yetu, chini ya saa tano usitoke, popote. Kati ya tano na saba, toka pale tu ambapo treni iko uwanjani, mji hauko mbali zaidi ya dakika 20, na huna viza ya kuombea mlangoni. Kuanzia nane, miji mingi inawezekana. Na hesabu ikikupa chini ya saa mbili za mjini, baki. Utachoka kuliko utakavyofurahi.

Kwenye hesabu yako tumia treni, si teksi. Teksi inaweza kuwa na kasi zaidi asubuhi na ikakwama kwa muda wa saa nzima jioni, na jioni ndiyo wakati wako wa kurudi.

5. Ziara za bure na hoteli ya shirika

Viwanja na mashirika machache yana ziara zilizopangwa kwa ajili ya wanaosubiri. Ni njia nzuri kwa sababu basi lao ndilo linalokurudisha. Turkish Airlines ina Touristanbul kwa abiria wake wa kimataifa wanaosubiri saa 6 hadi 24, na ndiyo inayomfaa yule wa mfano wetu, mradi vipindi vya ziara vilingane na saa zake. Changi ya Singapore ina ziara za bure za takribani saa mbili na nusu kwa wanaosubiri kuanzia saa tano na nusu hadi pungufu ya 24. Incheon nayo ina zake. Zote hudai uwe na haki ya kuingia nchini.

Ukiwa Changi, kumbuka kwamba Jewel, jengo lenye maporomoko ya maji ya mita 40, liko nje ya uhamiaji. Wengi hulitafuta ndani ya eneo la transiti hadi muda unawaishia.

Hoteli ya bure hutolewa na baadhi ya mashirika kwa kusubiri kurefu. Ethiopian hufanya hivyo Addis Ababa, na Emirates ina mpango wa Dubai Connect. Kuna sharti ambalo watu hulikosa: Dubai Connect haitolewi kwa aliyejichagulia kusubiri kurefu ilhali kulikuwa na ndege ya kuunganisha ya mapema zaidi. Iombe kabla ya kusafiri, usingoje kufika kaunta.

6. Ukiwa mjini

Chagua mtaa mmoja. Usichague vivutio vitano. Mtaa mzuri ni ule unaofikika kwa reli moja kutoka uwanjani bila kubadilisha, wenye kitu cha kutazama, mahali pa kula na sehemu ya kuketi, vyote kwa miguu.

Angalia siku. Makumbusho mengi ya Ulaya hufungwa Jumatatu, ingawa Louvre ya Paris hufungwa Jumanne. Grand Bazaar ya Istanbul hufungwa Jumapili, na ndivyo yalivyo maduka mengi ya Ujerumani. Doha, treni za Ijumaa huanza kwa kuchelewa.

Pakua ramani ya mji kabla ya safari ili ifanye kazi bila intaneti, na uweke alama kwenye kituo cha treni cha kurudi. Wi-Fi ya viwanja vingi hutuma msimbo kwa ujumbe mfupi, na laini yako ikiwa haipokei ujumbe nje ya nchi, hutaunganishwa. Baadhi ya viwanja vina mashine inayotoa msimbo baada ya kuskani pasipoti.

Usibadilishe fedha nyingi. Kadi ya kugusa inatosha kwenye usafiri wa miji mingi, na mabasi ya London hayapokei kabisa pesa taslimu tangu 2014. Pale unapotakiwa kugusa kuingia na kutoka, tumia kadi hiyohiyo, la sivyo utatozwa nauli ya juu zaidi. Mashine ikikuuliza ulipe kwa sarafu ya nyumbani au ya pale ulipo, chagua ya pale ulipo. Kiwango cha ubadilishaji cha mashine huwa kibaya.

Weka kengele mbili kwenye simu: ya kwanza nusu saa kabla ya muda wa kuondoka mjini, ya pili wakati wenyewe. Simu hujibadilisha saa yenyewe baada ya kutua, lakini si kila mara, hasa ikiwa bado haijapata mtandao. Ilinganishe na saa ya ukutani kabla ya kutoka uwanjani.

7. Ukiamua kubaki

Si aibu, na kwa kituo cha usiku ndiyo akili. Ukitua 22:30 na kuondoka 07:00, mji umelala na treni zimesimama. Lala kwenye hoteli iliyo ndani ya eneo la transiti au iliyoungana na jengo la abiria. Ya mjini, hata ikiwa nafuu, inakula saa mbili za usingizi. Hakikisha kwanza kwamba uwanja haufungwi usiku, maana baadhi hufunga na kuwatoa watu nje.

Mchana, oga kwanza. Viwanja vingi vikubwa vina bafu za kulipia, na kuoga baada ya safari ya usiku kunakuamsha vizuri kuliko kahawa. Kisha tafuta lango lako, ujue ni dakika ngapi kwa miguu, ndipo urudi sehemu tulivu kulala. Funga kamba ya begi mkononi na uweke kengele. Usitegemee kuitwa: viwanja vingi, Dubai kikiwamo, vimeacha kutangaza kila safari kwa vipaza sauti. Ubao ndio unaosema, na lango hubadilika.

8. Mambo yakiharibika

Ndege ya kwanza ikichelewa kwa saa mbili, rudia hesabu ya hatua ya 4 ukiwa bado kitini. Toa saa mbili hizo zote kwenye muda wa mjini, usitoe hata dakika moja kwenye muda wa kurudi.

Ukiwa mjini na treni ikasimama, usingoje zaidi ya dakika 15 kabla ya kutafuta njia nyingine. Ikiwa tayari umechelewa, piga simu kwenye shirika ukiwa njiani, kabla lango halijafungwa. Aliyetoa taarifa mapema husaidiwa kwa urahisi zaidi kuwekwa kwenye ndege inayofuata, ingawa huenda akalipa tofauti ya nauli. Aliyekaa kimya hurekodiwa kuwa hakufika, na tiketi yake yote iliyobaki hufutwa.

Ikiwa kuchelewa ni kwa shirika, hali ni tofauti. Kwa safari zinazoanzia Umoja wa Ulaya, au zinazoingia huko kwa shirika la Ulaya, kanuni ya 261 ya mwaka 2004 inakupa chakula wakati wa kusubiri, hoteli ikilazimu kulala, na fidia ya euro 250 hadi 600 ukifika mwisho wa safari kwa kuchelewa saa tatu au zaidi, isipokuwa sababu iwe nje ya uwezo wa shirika, kama dhoruba. Tiketi lazima iwe moja. Tunza pasi zote mbili za kupandia, risiti za chakula, na picha ya ubao ikionyesha muda mpya, kisha dai kwa maandishi kwa shirika lililorusha ndege iliyochelewa.